Seva Isiyomkata Mtu Kauli

Kengele waliiondoa wakati wa kupaka rangi. Walisema itarudi rangi ikikauka. Rangi ikakauka, ikachakaa, ikabanduka, na sasa ukutani inachungulia ile rangi ya kale, pamoja na matundu ya misumari pale kengele ilipokuwa. Mambo kama haya mimi sisahau. Ndiyo maana kazini wananiita Katiba, na usidhani ni sifa. Ni kuchoka nami.

Kazi yetu ni kufua. Mashuka ya hoteli, mashuka ya hospitali. Kwa mashine, shuka la fungate na shuka la mgonjwa ni shuka tu. Jengo lina sakafu tatu. Chini kabisa kuna boila, inayochemsha maji kuwa mvuke, na anayeichunga tunamwita Fundi. Sakafu ya kati ni ya kufulia na kukaushia, na mtu wake ni mzee mmoja tunayemwita Redio, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukiona kitufe cha kumzimia. Juu ni chumba cha pasi. Humo kuna rola, silinda ya chuma ndefu kuliko kitanda cha watu wawili, inayozunguka ikiwa imejaa mvuke. Shuka linaingia upande huu limelowa, linatoka upande ule limenyooka. Anayeilisha rola ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Mimi nipo mapokezi, kwenye mlango wa nyuma, napokea magunia ya nguo chafu na kuyachapia lebo.

Sasa sikiliza shida ilipo. Mashine za kufulia zikiwaka zote kwa pamoja, mvuke unapungua, na Fundi analazimika kuufunga ule unaokwenda juu. Bomba linapoa, maji yanajikusanya ndani yake. Akifungua tena, mvuke unayasukuma yale maji yakichemka mpaka juu ya rola, na hapo, karibu na mikono ya anayelisha, kuna kiungo cha bomba kinachovuja. Kinatema. Hakitemi muda mrefu. Kinatema kama mtu mwenye kiburi, mara moja tu, lakini kinalenga.

Zamani Fundi alikuwa anavuta kamba, kengele inalia juu, wanawake wanarudi nyuma, kiungo kinaitemea sakafu, kazi inaendelea. Kengele ilipoondoka tukaambiwa tutumie simu. Halafu mtu akakipiga picha kile kiungo, picha ikatembea, na simu zikapigwa marufuku. Sasa tunaziacha getini kwenye sanduku kama watu wanaosalimisha silaha. Fundi akajaribu kugonga bomba kwa spana. Mashine zikiwa zimewaka, hata ukigonga kichwa chako mwenyewe hakuna atakayesikia. Tukadai kengele, tukadai kiungo kibadilishwe. Meneja akasema mwisho wa mwezi. Hakusema mwezi gani. Ahadi ni deni, walisema wahenga, ila wahenga hawakufanya kazi hapa.

Na mikono ya wifi yangu si mikono tu. Kwetu mikono mizima imebaki michache. Mume wangu alikuwa anahudumia mashine za kukaushia, hapa hapa. Siku moja kwenye mkutano wa wafanyakazi alisimama aeleze kwamba kuna mashine ambayo ukifungua mlango wake haisimami, inaendelea kuzunguka. Ana kigugumizi, na akiwa na hasira kinazidi. Mwenyekiti wa wakati ule akatazama saa, akasema, "Muda umekwisha, ndugu yangu, hebu tupe kwa ufupi." Watu wakacheka. Mume wangu akakaa. Wiki ile ile mashine ikamchukua vidole vya mkono wa kulia. Mwenyekiti alileta matunda.

Tangu hapo nilipigania kanuni moja mpaka ikapita, na tunaishika kuliko tunavyoshika kitu kingine chochote: hakatwi mtu kauli. Anayesimama anasema mpaka atamke mwenyewe "nimetua," kama mtu aliyeshusha gunia. Kabla ya hapo hakuna wa kufungua mdomo, hata kama anayesema ni Redio, hata kama ametoka kwenye saa za kazi akaingia kwenye ng'ombe wa babu yake. Mikutano yetu ni mirefu. Watu wanasinzia, wengine wanaota. Lakini hakatwi mtu.

Kila sakafu ina kompyuta. Ya mapokezi na ya chumba cha pasi ni za kuchapa lebo, za chini ni za kuandikia joto la maji. Zote zimeunganishwa kwa waya na kiboksi kimoja kwenye korido. Intaneti walishaifunga, tusije tukastarehe. Lakini waya upo. Kila siku napita na magunia nauona, unatoka boila unapanda mpaka chumba cha pasi, umepigiliwa ukutani mahali pale pale ilipokuwa ikipita kamba ya kengele. Nikawa najiuliza: kamba ni kitu gani, kama si waya wa watu wasio na umeme?

Programu yetu ya lebo iliandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, na aliyeiandika aliondoka zamani. Ikiharibika, anayehangaika nayo ni mimi. Shule niliiacha njiani. Nilichojua nilikisoma nikiwa nimesimama. Nikatafuta somo la wanaoanza kuandika programu za mtandao, za mashine moja kuongea na nyingine. Somo lilianza kwa furaha ya kuudhi: ni rahisi sana! Huyo aliyeandika hajawahi kusoma baada ya kubeba taulo zilizolowa.

Nilijifunzia nyumbani, siku za mapumziko, kwenye kompyuta ya zamani ambayo ukichomoa waya inakata roho. Mume wangu alikaa kando akikunja nguo kwa mkono wa kushoto. Jambo nisiloweza kumweleza mtu, huwa sijalijua. Kwa hiyo nikamweleza yeye.

"Soketi ni kama tundu la ukutani. Programu moja inakaa kwenye tundu inasikiliza. Hiyo ndiyo seva. Nyingine inakuja kugonga. Huyo ni mteja."

"Na mteja a-anaijuaje nyumba?"

"Anapewa anwani ya mashine. Na namba ya mlango, maana nyumba moja ina milango mingi."

"Na kama ndani hakuna mtu?"

Nikamwonyesha. Nikagonga mlango usio na msikilizaji, na kioo kikanitapikia mistari ya makosa, na wa mwisho ukisema muunganisho umekataliwa.

"Kama ofisi ya meneja," akasema.

Nilikosea kila kosa linalokosewa. Nilituma neno, nikaambiwa maneno hayapiti kwenye waya yakiwa uchi, sharti kwanza uyavishe, uyageuze baiti, yaani namba za mashine, na yakifika uyavue. Nikaizima seva, nikaiwasha tena, ikagoma: anwani inatumika. Inatumika na nani, na aliyetoka ni mimi? Kumbe mfumo unaushikilia mlango kwa muda hata baada ya mtu kuondoka, kama choo kilichofungwa na mtu aliyekwisha kwenda zake. Nilipiga meza. Nikalala juu ya meza. Nikaamka na alama ya kibodi shavuni.

Siku ilipokubali, niliandika "habari" kwenye dirisha moja, na kwenye dirisha la pili ikatokea "habari". Nikamwita mume wangu kwa kelele kama nyumba inaungua.

Akatazama. "Huku umeandika wewe?"

"Mimi."

"Na huku anayepokea ni wewe?"

"Ndiyo."

"Ba-basi umejisalimia, mke wangu. Itikia."

Tulicheka. Sikumbuki mara ya mwisho tulipocheka vile mezani.

Baada ya hapo nikaandika ile ya kazini. Seva nikaiweka kwenye kompyuta ya chumba cha pasi, ikitoa maneno kwa herufi za kujaza kioo. Wateja wawili: mmoja boila kwa Fundi, mwingine kwenye kukaushia kwa Redio, aweze kusema mzigo unapokuja. Tukakubaliana kwamba Fundi ataandika kuwa anafungua mvuke, atangoja wenzake wasogee, ndipo afungue. Na niliiandika seva kama ninavyojua mimi watu wazima wanavyosikilizana. Inamfungulia mtu mlango. Inamsikiliza mstari kwa mstari. Akiandika "nimetua", inamuaga na kumkaribisha anayefuata. Nilipomaliza niliisoma kwa sauti, nikaona fahari. Hata ndani ya mashine, sasa, hakatwi mtu kauli.

Niliifunga kwenye kompyuta za kazini mchana, wakati wa mapumziko. Wifi alisimama nyuma yangu, mikono kiunoni.

"Hii ndiyo kengele?"

"Ndiyo."

"Hailii."

"Inaandika."

"Na mimi nikiwa nimeshika shuka nisome kwa kisogo?"

"Nimegeuza kioo, kinakutazama wewe. Hebu simama pale. Unaona?"

"Naona." Alisema naona kama mtu anayesema nimeshiba akiwa na njaa. "Fimbo ya mbali haiui nyoka, wifi."

Redio alikuwa amepanda kuangalia. "Dunia nzima watu wana wifi isiyo na waya," akasema. "Sisi hapa wifi yetu tumemfunga waya."

"Mzee, shuka kakaushe," Wifi akamjibu, lakini alicheka.

Ikafanya kazi. Nasema kweli, ilifanya kazi. Fundi anaandika NAFUNGUA MVUKE, herufi zinajaa kioo, Wifi na mwenzake wanarudi nyuma, kiungo kinatema, wanarudi. Watu wakaanza kunisalimia vizuri. Nikaanza kutembea kama mtu mwenye maana.

Halafu ikaja siku ya mashuka mengi. Hoteli zilijaa, hospitali zilijaa, sote tulikuwa tumechoka mpaka tunaongea kwa nyusi. Redio akaketi kwenye kompyuta yake akaandika. Maneno yake tuliyakuta baadaye kwenye kioo: "Habari za kazi huko juu wanangu. Nina neno kuhusu foronya. Foronya zinazokuja siku hizi si foronya ni" Hapo mashine yake ya kukaushia ikapiga mlio, akainuka akaifungue. Hakuandika nimetua, kwa sababu hakuwa ametua. Ni mtu wa kanuni yule mzee. Alikuwa anakwenda kuitoa mizigo na kurudi kumalizia foronya zake.

Chini, Fundi akaandika NAFUNGUA MVUKE. Akaandika nimetua. Kioo chake kikamwambia imetumwa. Akangoja kama tulivyokubaliana, akafungua.

Niliyasikia mayowe nikiwa mapokezi, yakashinda mashine. Nilipofika juu, Wifi alikuwa ameketi juu ya kikapu cha mashuka, mkono mmoja ndani ya ndoo ya maji. Kiungo kilimpata karibu na kiwiko. Ngozi imevimba, imekuwa kama karatasi iliyolowa. Kutoka hapo kwenda chini, kigasha chote na kiganja, mikono yote miwili, alikuwa ameizungushia taulo nzito, mbichi kwa maji. Taulo ndizo zilizookoa mikono.

"Umezifunga leo?" nikauliza.

"Tangu siku ulipoleta kompyuta yako."

"Kwa hiyo hukuniamini."

"Nakupenda, wifi," akasema huku amefumba macho. "Kukuamini ni kazi nyingine."

Fundi akaja mbio kutoka chini, jasho linamtiririka. "Iliniambia imeenda! Katiba, naapa, nimeiona kwa macho yangu. Imetumwa! Nikangoja! Iliniambia imeenda!"

"Imeenda," nikamwambia. "Haikufika."

Kwenda si kufika. Nilikuja kulisoma baadaye, kwenye kurasa ambazo nilikuwa sijazifikia. Chini ya programu yako, mfumo wenyewe wa kompyuta unawapokea wagongaji na kuwapanga foleni nje ya mlango, na maneno yao unayachukua na kuyaweka. Seva yangu ilikuwa inamngoja Redio atue. Fundi alikuwa nje ya mlango akidhani yuko ndani, na onyo lake limekunjwa vizuri kama shuka safi, linasubiri zamu.

Redio naye akapanda, anajifuta mikono. "Kuna nini? Mbona mmenitazama? Mimi nilikuwa sijamaliza."

Aliuona ule mkono, akavua kofia.

Meneja akafika mwisho. Alitazama mkono, akatazama ndoo, akatazama sakafu. "Hizo taulo," akasema, "si za wateja?"

Hilo nalo nimeliweka mahali pake.

Jioni Wifi alikuja kwetu, mkono umefungwa bendeji, akakaa karibu na kaka yake. Walifanana pale kwenye kochi, kila mmoja na mkono wake umelala mapajani kama mtoto mgonjwa. Mimi nilikuwa mezani, mbele ya programu yangu, siioni.

"Nisomee," mume wangu akasema.

"Nini?"

"Hi-hicho ulichoandika. Kwa lugha ya watu."

Nikamsomea. "Kaa mlangoni. Akija mtu, mfungulie. Msikilize. Msikilize. Msikilize mpaka aseme nimetua. Muage. Mfungulie anayefuata."

Mume wangu akasema, "Umeandika mkutano."

"Ndiyo."

"Mkutano wetu."

Nikapandisha sauti. "Kwa hiyo unataka nimkate Redio? Nimwekee saa kama ile ya mwenyekiti? Wewe? Katika watu wote, wewe ndiye wa kuniambia mtu akatwe kauli?"

Alifungua mdomo, neno likakwama. Tukamngoja. Nyumba hii tumezoea kungoja.

"Mi-mi-mimi," akasema, "mimi sikuumia kwa sababu nilikatwa. Niliumia kwa sababu mashine ilikuwa mbovu, ikaachwa. Hata wangenisikiliza mpaka asubuhi. Ilikuwa mbovu." Akapumua. "Usimkate Redio. Lakini kwa nini sikio ni moja? Mkutano una mwenyekiti mmoja kwa kuwa mwenyekiti ni mtu. Hiyo ni mashine."

"Kaka amesema," Wifi akasema. "Mwekee kila mtu sikio lake, basi. Redio apewe la kwake peke yake, tena la chuma."

Jibu lilikuwepo kwenye somo, sura iliyofuata, ile niliyokuwa nikiifungua kila mara na kulala juu yake. Zinaitwa nyuzi. Kila anayegonga anafunguliwa, anakabidhiwa uzi wake wa kumsikiliza, na mlango unarudi kuwa wazi kwa mwingine. Siku ya mapumziko nikaandika hivyo. Nikaongeza na jingine: Fundi asiambiwe tena "imetumwa". Akiandika anafungua mvuke, kioo chake kinamwambia "ngoja", na kinabaki hapo mpaka walio juu wabonyeze kitufe wenyewe na neno lirudi chini: tumeondoka. Lisiporudi, vali haiguswi.

Nikafungua madirisha matatu. La kwanza nikawa Redio, nikaanza habari za foronya nikaziacha njiani. La pili nikawa Fundi. Onyo likampita Redio kama hayupo, likajaza kioo cha tatu. Nikabonyeza. Likarudi: tumeondoka. Nikarudia tena na tena, madirisha mengi, Maredio wengi. Halikukwama.

"Imekubali?" mume wangu akauliza kutoka kwenye nguo zake.

"Imekubali."

"Mbona uso?"

Sikuwa na nguvu ya kukasirika, nikasema taratibu. "Kile kiungo. Fundi bomba yeyote anakibadilisha kabla ya chakula cha mchana. Ni spana na jasho kidogo. Na mimi nimetumia mapumziko yangu yote, macho yangu yote, najifunza soketi, najifunza nyuzi, ili kisibadilishwe. Mkono wa mdogo wako umeungua na bado nakaa hapa naboresha. Nimemwandikia meneja programu ya kutotengeneza bomba."

Alikunja shati, akalipapasa. Wifi, aliyekuwa amelala kwenye kochi, akasema bila kufungua macho:

"Kwa hiyo hutaileta kazini?"

"Nitaileta."

"Ya nini sasa?"

Nikamwambia ya nini. Akafungua jicho moja.

Siku ya kazi niliifunga mapema kabla rola haijapata moto, na mapokezi nako nikajiwekea mteja wangu, na wa kufulia nao nikawawekea wao, na maneno ya kila mtu sasa yakawa yanatokea kwenye vioo vyote. Wifi alikuwa amerudi. Daktari alimwambia apumzike. Meneja alimwambia anayepumzika apumzike moja kwa moja. Alisimama mbele ya rola na bendeji yake na taulo zake, shuka la kwanza mkononi, ananingoja.

Nikashuka mapokezi, nikaandika: "Kiungo kisipobadilishwa rola hailishwi. Sio mwisho wa mwezi. Leo. Anayepinga aseme, na hakatwi mtu. Nimetua."

Halafu nikaogopa. Nimesimama kwenye mikutano mingi, nimepaza sauti mbele ya watu wenye rungu, lakini kukitazama kioo kitupu kikikutazama ni kitu kingine. Redio alikuwa wa kwanza. "Wanangu kabla sijasema lolote naomba nirudi kwenye habari ya foronya" na kabla hajafika popote, chini yake likaibuka la Fundi: "Nimefunga mvuke wa juu. Sifungui. Nimetua." Chini ya la Fundi likaja la mwenzake Wifi, kisha wa kufulia, mistari ikapandana, Redio anaendelea na foronya katikati yao, wote wanasema kwa wakati mmoja na hakuna anayemnyang'anya mwenzake. Miaka yote ya mikutano nilikuwa sijawahi kuliona hilo.

Redio alimaliza mwishoni: "na ndiyo maana nasema foronya zingoje, rola isilishwe, mtoto wa watu ana mikono miwili tu. Nimetua."

Huko juu, Wifi akaliweka lile shuka chini.

Meneja alipanda mwenyewe. Sisi tulishapanda, tumekaa juu ya magunia na vikapu, mgongo kwa mgongo, kwa kuwa hatuna viti. Akaanza. Alisema habari za hoteli, za wateja, za kwamba sisi ni familia moja. Akasema tuna bahati. Akasema yeye naye amechoka. Kijana wa kufulia akataka kumrukia kwa neno. Wifi akamgusa bega.

"Mwache aseme," akamwambia. "Hakatwi mtu."

Basi tukamwacha. Hujui ukatili wake mpaka uuone. Mtu aliyezoea kubishiwa alitafuta wa kubishana naye, hakumpata. Akapandisha sauti, haikugonga kitu ikarudi. Akauliza kama tumemwelewa. Kimya. Akatisha, kisha akabembeleza, kisha akarudi kwenye familia moja, na rola ikawa inapoa nyuma yake inatoa mlio mdogo wa chuma. Mwisho akabaki anapumua.

Redio akainua kichwa, kwa adabu kabisa. "Umetua, bosi?"

"Nini?"

"Umemaliza kusema?"

"Nimemaliza."

"Ahsante. Na sisi tunangoja kiungo."

Kisha akageuka akashuka, na tulimsikia kwenye ngazi akiuliza mtu namba ya fundi bomba. Siku zote hizo, hakuwa hata na namba ya fundi bomba.

Yule fundi bomba alikuja na ngazi na mfuko wa vyuma, mtu wa maneno machache. Alikifungua kile kiungo akakiangalia, akakinusa sijui kwa nini, akakiangusha ndani ya ndoo kikalia kama jino bovu. Akafunga kipya. Ilimchukua muda mfupi kuliko hotuba ya foronya.

Kioo kikajaa: NAFUNGUA MVUKE. Tulirudi nyuma sote, hata tulioona kwa macho yetu kiungo kipya kimekaa, kwa sababu mwili nao una kumbukumbu yake. Nikabonyeza. Tumeondoka. Bomba likanguruma, likatetemeka mpaka kwenye rola, na juu hapakutoka hata tone.

Nikageuka nimwambie Wifi. Alikuwa amelala juu ya magunia ya nguo chafu, mdomo wazi, mkono wa bendeji kifuani na ule mwingine umening'inia, taulo imeanza kufunguka. Mwenzake akainama kumwamsha, mashuka yanangoja.

"Mwache," nikasema. "Nitalisha mimi."

Nikaivua ile taulo mkononi mwake taratibu, nikaikamua, nikajifunga mwenyewe. Kiungo kilikuwa kipya, najua. Lakini ukutani matundu ya misumari bado yapo, na kengele haijarudi.